Fomu ya kujitolea imekuwa ngumu kuliko kazi yenyewe

Bwana Mhariri, salaam aleikum.

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua, na nikizidisha wewe kata tu, lakini pale nitakapotaja pesa tafadhali paache. Mimi nina saiba hapa Amu, yaani mji wa Lamu, mtaa wa Langoni, kompyuta chache na printa na mashine ya fotokopi, na kwa kazi hii karatasi nyingi za mji huu zinapita mkononi mwangu, kuanzia za basari mpaka za pasipoti. Siku hizi zinazokuja sana ni za watu wanaotaka kujitolea kwenye mashirika ya jamii, yale ya mikoko, ya kasa, ya afya, ya walemavu, ya kusomesha watoto. Watu wanataka kufanya kazi ya bure, Mhariri, wanakuja na hamu zao, na fomu ndio inayowarudisha nyumbani.

Nikupe mfano wa moja niliyoprinti juzi, jina la shirika naliacha maana si hilo peke yake, wanakopiana hizi fomu. Kurasa nane, zote kwa Kiingereza. Inataka CV, barua ya maombi, nakala ya kitambulisho, nakala ya PIN ya KRA, ile nambari ya kodi, cheti cha tabia njema cha polisi, vyeti vya shule, picha mbili saizi ya pasipoti, marefarii watatu, yaani watu wa kukushuhudia, ambao wawili lazima wawe mabosi waliokusimamia kazini, halafu insha ya maneno 500 ueleze una shauku gani ya kubadilisha jamii yako. Kule mwisho kabisa kwa herufi ndogo ndio waambiwa kazi yenyewe ni ipi, kuokota plastiki ufuoni, Jumamosi mbili kwa mwezi. Wallahi nilirudia kusoma nikidhani nimeruka ukurasa.

Sasa ni nani hapa Amu aliyewahi kuhitaji insha ili ainame aokote chupa? Lile jahazi la Flipflopi, la rangi rangi, lililoshushwa majini hapa kwetu 2018, limejengwa kwa kama tani 10 za plastiki iliyookotwa fukweni na mijini, likavishwa ndara kuukuu kama 30,000, na mafundi walioliunda walitumia ujuzi ule ule wa majahazi ya mbao waliorithi kwa wazee wao. Mwaka uliofuata likasafiri mpaka Unguja. Kama kila mkono ulioinama kuokota ile plastiki ungeombwa kwanza vyeti vya shule na bosi wawili wa kumshuhudia, mpaka leo tungekuwa twangojea ubao wa kwanza.

Naomba nisieleweke vibaya, sipingi fomu. Shirika lazima lijue nani anaingia, anatoka wapi, akipata ajali apigiwe nani simu. Ninachopinga ni fomu iliyotolewa kwenye ofisi ya kuajiri mhasibu kisha ikabadilishwa kichwa cha habari. Maswali yale yanapima kama mtu amewahi kuajiriwa, hayapimi kama mtu anafaa, na huku kwetu watu wenye moyo na ujuzi wengi hawajaajiriwa maishani mwao, wamevua, wamelima, wameshona kofia, wamelea.

Kuna mama mmoja wa makamo, simtaji jina wala mtaa, alikuja na fomu ya mambo ya afya ya mama na mtoto, akanipa simu nimsomee maana macho yashakuwa mazito na Kiingereza hakusomea. Tukaenda vizuri mpaka pale pa uzoefu. Namuuliza mama niandike nini hapa, akaniambia andika sina. Mimi namjua yule mama! Mwanamke akifariki mtaani kwao ndiye anayeitwa kuosha, mzazi akijifungua ndiye anayekwenda kumkanda na kukaa naye mpaka arubaini iishe, wakati wa korona alikuwa anapita nyumba kwa nyumba na sabuni yake akiwafokea watu wanawe mikono, na wakati wa Maulidi mji unapofurika wageni mtoto akipotea anapelekwa barazani kwake kwanza kabla ya polisi. Na anasema sina. Anasema sina kwa sababu hakuna ofisi iliyowahi kumuuliza kwa namna ambayo yeye angejitambua. Nikamwandikia yote, mistari ya fomu haikutosha nikaongeza karatasi, tukatuma. Hakujibiwa mpaka leo, hata ule ujumbe wa asante tumepokea hakuupata.

Waliopata nafasi ile nawajua pia, niliwaprintia mimi. Vijana wazuri, wana digrii, sina ubaya nao, lakini hawakukaa, wakapata kazi Mombasa na Nairobi wakaenda zao, na nani atawalaumu, kijana aliyesoma anatafuta maisha. Shirika likatangaza upya. Fomu ile ile.

Na hapa ndio nataka watu wa mashirika wanisikilize vizuri kwa sababu hili hawalijui na wangelijua nadhani wangeona haya. Zile barua tamu mnazosoma, za shauku na maono na kuleta mabadiliko, nyingi naandika mimi. Mtu anakuja na shilingi zake, ananiambia kaka niandikie ile ya kujitolea, nafungua faili, nabadilisha jina na tarehe, naprinti. Wasiojua Kiingereza wanaandikiwa na mimi na wanaokijua wanaiga ya rafiki zao ambayo pia niliiandika mimi. Kwa hivyo mnapokaa mezani na chai yenu mkichagua nani ana moyo, mnachagua baina yangu na mimi. Kilichobaki kupimwa ni nani alikuwa na pesa ya saiba siku hiyo.

Chukueni mikoko, maana hiyo ndiyo matangazo yake ni mengi. Kaunti yetu ina zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya, na serikali ilipopiga marufuku ukataji mwaka 2018 waliolia ni wakataji wa huku, watu ambao babu na baba walikuwa wakiingia msituni na mashoka na kutoka na boriti. Watu hao ndio wanaojua, katika aina zote za mikoko, mti upi unakaa wapi. Mlilana husimama mbele kabisa, unapokea wimbi la kwanza, mkoko wenyewe unakaa nyuma yake kwenye tope zito, mkandaa unakwenda juu zaidi kule ambako maji hayafiki kila siku, na mchu ni mkaidi unaota mbele na nyuma. Ukichukua mbegu za mkoko ukazichomeka nje kwenye tope wazi pale pa mlilana, kwa sababu ndipo boti imekufikisha na ndipo picha inatoka vizuri, bamvua mbili tatu, yale maji makubwa, zitapita na hutakuta kitu. Mzee aliyekata boriti maisha yake yote atakwambia hayo kabla hujashuka botini. Lakini fomu inamuuliza kama anajua Excel. Haimuulizi bamvua ni lini, haimuulizi kama anajua kupiga kasia, haimuulizi kama anaweza kutembea kwenye tope la magoti na miche mkononi bila kuacha viatu huko. Nimejaza za mikoko nyingi na swali la kuogelea nimeliona mara moja tu!

Tena kuna hili la msimu. Matangazo haya hutoka Januari, nafikiri kwa sababu ndipo bajeti za wafadhili zinapofunguliwa, na mwisho wa kuomba unakuwa Februari. Jamani, Januari ni kaskazi. Bahari imelala, wavuvi wako nje, manahodha wana wageni, wapishi wako mahotelini Shela mchana na usiku, hakuna mwanamume wa kazi aliyekaa barazani anangojea fomu. Mkitaka watu ngojeni kusi, kuanzia mwezi wa tano mpaka wa nane hivi, bahari inachafuka, mvua zinapiga, wageni wamepungua, vyombo vimepandishwa pwani vinakarabatiwa, hapo ndipo utawapata na watakupa siku nzima. Msitangaze Ramadhani mkaita intaviu saa nane mchana. Na mfungo sita, mwezi wa Maulidi, hapa mjini watu wana shughuli zao za Maulidi pale msikiti Riyadha, tena kama mnataka kujua kujitolea kunavyofanya kazi pitieni hapo mjionee, masufuria ya pilau, wageni wa kulazwa majumbani, kufagia, kuongoza zafa, yale maandamano ya Maulidi, na hakuna aliyejaza fomu.

Lugha sitaki kuirefusha. Katiba ya 2010, kifungu cha 7, inasema Kiswahili ndiyo lugha ya taifa, na lugha rasmi ni Kiswahili na Kiingereza, yaani zote mbili. Shirika linalojiita la jamii, la Pate au Faza au Matondoni, likaandika fomu kwa Kiingereza pekee, limeshachagua jamii ipi. Kama mfadhili anataka Kiingereza basi mna stafu, watafsiri wao baada ya fomu kujazwa.

Sasa cheti cha tabia njema. Hapa najua nitagombana na wateja wangu. Vijana wengi wananiambia kile cheti ni usumbufu mashirika yakiondoe, na mimi nasema hapana, pale penye watoto au wagonjwa au wazee wasiojiweza kisiondolewe hata siku moja. Mtu atakayekaa chumba kimoja na watoto wa watu lazima achunguzwe, na refarii apigiwe simu kweli si jina lake kuwekwa tu kwenye faili. Na sheria iwe moja kwa wote, maana tumeshaona mgeni wa ng'ambo anashuka botini na mkoba wake mgongoni, keshokutwa yuko darasani anapigwa foto na watoto mapajani, hakuna aliyemuuliza cheti chochote cha kwao, huku binti wa hapa hapa ambaye mji mzima unamjua yeye na nyanya yake anaambiwa faili lake halijakamilika. Kama ni ulinzi wa watoto basi uwalinde na wote.

Ila nani alipe? Nieleze jinsi kinavyopatikana, kwa wasiojua. Unaingia eCitizen, ile tovuti ya serikali, unajaza, unalipa 1,050, unaprinti ile fomu ya alama za vidole, C24, ambayo lazima itoke mbele na nyuma kwenye karatasi moja, ukiiprinti karatasi mbili utarudishwa, na nakala za risiti juu yake. Halafu unakwenda mwenyewe kuchukuliwa alama za vidole, zinapelekwa Nairobi, unangoja. Sasa mtu wa Kizingitini, kule kisiwa cha Pate, aje mpaka huku na boti, nauli ya kuja na kurudi, akikuta mtandao hauko alale, chakula, saiba, ile 1,050. Yote hiyo ili aruhusiwe kufanya kazi ya bure ambayo hajui kama ataipata. Kwa anayeishi kwa kibarua cha siku hiyo ni mlima. Njia ni rahisi tu na yapo mashirika yanayoifuata, kwanza ongea na mtu, mkubali awali, ukishaona anafaa ndipo umtume akatafute cheti na umrudishie gharama. Na yule wa kuokota plastiki au kupanda mikoko pamoja na watu ishirini mchana kweupe, jamani, mwacheni.

Halafu hizi nakala za kila kitu. PIN ya KRA ya nini kwa mtu ambaye humlipi? Fomu nyingine zinauliza kabila, dini, umeolewa au hujaolewa, una watoto wangapi. Kuna Sheria ya Kulinda Data ya 2019, na moja ya misingi yake ni kwamba unachukua habari zile tu unazozihitaji kwa shughuli uliyoitaja, si kila kitu kisa una nafasi kwenye karatasi. Mimi nimeshaletewa maboksi ya fomu za zamani nizitumie upande wa nyuma kuprintia, zina nambari za vitambulisho na simu za watu, nikazichana. Nauliza tu, zile ambazo hazikuletwa kwangu ziko wapi?

Nafika kwenye pesa, Mhariri, hapa ndio nilikuomba usikate.

Kujitolea si kufa njaa. Shirika la Msalaba Mwekundu, ambalo hapa Kenya liliundwa kwa sheria ya bunge Desemba 1965, lina kanuni saba na mojawapo ni huduma ya hiari, isiyoongozwa na tamaa ya faida, na hiyo ni sawa kabisa. Lakini faida ni kitu kingine na nauli ni kitu kingine. Anayetoka Kipungani kuja mjini kwa ajili ya kazi yenu analipa, anapokuwa kwenu hajavua, hajasuka mkeka, na adhuhuri ikifika tumbo halijui kwamba yeye ni mtu wa kujitolea. Hata serikali mwishowe ilikubali hili, wale wahamasishaji wa afya ya jamii ambao kwa miaka walikuwa wanazunguka majumbani kwa mapenzi ya Mungu tu, 2023 walipogawiwa vifaa vya kazi wao kama laki moja nchi nzima ikawekwa na posho ya 5,000 kwa mwezi, nusu kutoka serikali kuu na nusu kutoka kaunti. Kama inafika kwa wakati hilo waulizeni wao wenyewe. Lakini angalau imeandikwa, mtu anajua anadai nini.

Ninachotaka mimi ni hicho tu, iandikwe. Juu ya tangazo, kwa herufi kubwa, hatulipi mshahara, nauli twarudisha kiasi fulani, chakula kipo au hakipo, tisheti na viatu vya tope twatoa, ukiumia tutakupeleka hospitali kwa gharama zetu, kazi ni saa ngapi na kwa muda gani, mwisho wake kuna barua ya kukushuhudia. Basi. Wengi wakisoma hatulipi watapita, na ni bora wapite siku hiyo kuliko waje wakae mwezi wakingojea bahasha ambayo haipo, kisha waondoke wakitukana. Na msitumie kitendawili cha "kuna fursa za baadaye" kama hamna fursa. Kijana wa miaka ishirini akisikia neno fursa anakwenda nyumbani anamwambia mamake kapata kazi.

Kwa upande mwingine wako matapeli, nao wananijia dukani na karatasi zao vizuri kabisa. Tangazo linazunguka kwenye simu, shirika kubwa linatafuta watu mia wa kujitolea Lamu, tuma 500 ya usajili, au 1,500 ya mafunzo na kitambulisho. Watu wanatuma! Namwambia mteja ngoja kwanza, ushawahi kusikia mtu akaomba alipie ili afanye kibarua cha bure, ananiangalia kama mimi ndiye ninayemzibia riziki. Kwa hivyo naomba hili lisomwe na wengi. Kikundi cha jamii kinatakiwa kiwe kimesajiliwa chini ya sheria ya vikundi vya jamii ya 2022, kina cheti, na ofisi ya maendeleo ya jamii inaweza kukwambia kama kipo. Mashirika makubwa zaidi sasa yako chini ya ile sheria ya mashirika ya manufaa ya umma, ilipitishwa 2013 lakini ilianza kutumika rasmi tarehe 14 Mei 2024. Wewe mwombaji una haki ya kuuliza cheti chenu kiko wapi kama wao wanavyouliza chako. Wakikasirika, ondoka. Wakitaja nambari ya simu ya kutumia pesa, ondoka mbio.

Na vijana wangu na nyinyi, mbili tatu maana mnanisoma. Kama unajitolea ili upate uzoefu upate kazi, sema hivyo hivyo, si aibu, mwenye shirika mwenye akili atakupangia jambo la kujifunza badala ya kukukalisha ukigawa maji ya chupa mkutanoni. Usiandike umesimamia mradi kama hukusimamia, mji huu mdogo, refarii wako anaswali msikiti mmoja na anayekuajiri. Kwenye refarii mweke mtu anayekujua kazini hata kama hana cheo, nahodha uliyemfanyia kazi, mwalimu wako wa chuo, mama wa kikundi cha kina mama mnaofanya nao usafi, na umwambie kabla, si apigiwe simu yuko katikati ya mkondo wa Manda na tanga mkononi aulizwe mambo yako. Na siku za kazi ziandike za kweli. Ukisema Jumamosi zote na wewe Jumamosi una mpira, shirika litapanga boti kwa watu kumi na watakuja wanne, mafuta yameshanunuliwa.

Intaviu nayo, kwa maoni yangu, ingefutwa kabisa kwa kazi nyingi za namna hii. Wekeni siku moja, mkawaambia wote wanaotaka waje Jumamosi saa mbili asubuhi pale mahali pa kazi, wavae nguo za kuchafuka, wafanye kazi pamoja mpaka saa sita, chai na mahamri juu yenu. Kwa saa nne mtamjua nani anafika kwa wakati, nani anabeba gunia na nani anabeba simu, nani anamsaidia mwenzake kupanda botini, nani anaelekeza bila kugombana, nani akiona mtoto karibu na maji anamsogeza bila kuambiwa. Mtamjua na yule ambaye hakusema neno lakini mwisho wa siku kafunga magunia yote kamba. Mkimaliza kaeni na kila mmoja dakika tano, kwa Kiswahili, mjue jina, simu, wa kumpigia kwa dharura, maradhi kama anayo, siku zake za nafasi. Haya yanajaa kwenye ukurasa mmoja na nafasi ya muhuri inabaki. Wenye kazi za watoto na wagonjwa ndio waendelee hatua ya pili ya cheti na marefarii.

Na jibuni watu. Hili sijui kwa nini ni gumu. Mtu kajaza kurasa nane, kalipa, kangoja miezi, hata neno moja la samahani nafasi zimejaa hapati, halafu mwaka unaofuata shirika hilo hilo linalalamika kwenye mkutano wa chifu kwamba wenyeji wa huku hawajitokezi, wanapenda kupewa tu. Walijitokeza. Nina risiti zao.

Mimi nishatengeneza fomu ya ukurasa mmoja, ya Kiswahili, na hayo maswali niliyoyataja, haina nembo ya mtu. Shirika lolote la Amu, Pate, Faza, hata la Mokowe kule bara, linaloitaka lije na flashi niliwekee bure, libadilishe linavyotaka. Likitaka niprinti na nakala za kwanza za kugawa barazani, wino natoa mimi. Karatasi mje nazo.

Mwenye saiba,
Langoni, Amu.